Colin McRae au Richard Burns: uanze kumsoma nani?

Mpwa wangu amenunua Subaru. Ni Impreza ya mtumba, ya buluu, na kabla hata hajabadilisha oili alikuwa ameshaulizia bei ya rimu za rangi ya dhahabu. Amejiunga na klabu ya mbio za magari, anataka kuanza na mashindano madogo ya wikendi, na wiki iliyopita alinipigia simu. "Mjomba, nataka kuwasoma madereva waliokuwa wakishinda huku kwetu zamani. Nianze na McRae ama Burns?"

Nilimwomba siku mbili nifikirie, maana hili ni swali nililoishi nalo miaka mingi na sipendi jibu ambalo watu hulitoa haraka. Wengi watakwambia: ukitaka kasi mfuate McRae, ukitaka akili mfuate Burns. Jibu hilo haliwatendei haki wote wawili, na barabara za Kenya ndizo zinazolikanusha. Kati ya mwaka 1997 na 2002 Safari Rally iliandaliwa mara sita. McRae alishinda tatu: 1997, 1999 na 2002. Burns alishinda mbili: 1998 na 2000. Ni mwaka 2001 tu ambapo kombe lilikwenda kwa mtu mwingine, Mfini Tommi Mäkinen. Kwa miaka minne ya kwanza walikuwa wakipokezana kama watu wanaochota maji kwenye kisima kimoja.

Kwa asiyewajua, McRae alizaliwa Lanark, Scotland, tarehe 5 Agosti 1968. Burns alizaliwa Reading, magharibi mwa London, tarehe 17 Januari 1971. McRae alikuwa dereva wa kwanza kutoka Uingereza nzima, kwa maana ya kuijumuisha Scotland na Wales, kutwaa ubingwa wa dunia wa rali, mwaka 1995. Burns aliupata mwaka 2001, na hakuna mzaliwa mwingine wa England aliyeufikia. Ukihesabu ushindi wa mashindano ya dunia, McRae ana 25, Burns ana 10. Kama ungekuwa unachagua kwa hesabu hiyo peke yake, ungefunga ukurasa hapa.

Lakini wewe huchagui wa kumpa kombe, unachagua wa kujifunza kwake. Hilo ni jambo jingine.

Nyumba walizotoka

McRae alizaliwa ndani ya rali. Baba yake, Jimmy McRae, alikuwa bingwa wa Uingereza mara tano, na mdogo wake Alister naye akawa dereva. Mtoto aliyekulia nyumba hiyo hakuhitaji mtu wa kumweleza nini maana ya kona ya changarawe iliyolowa. Alianza na pikipiki, akaingia kwenye magari madogo, na kufikia 1991 na 1992 alikuwa ameutwaa ubingwa wa Uingereza mara mbili mfululizo akiendesha Subaru Legacy iliyoandaliwa na Prodrive, kampuni ya Banbury iliyokuwa ikiendesha timu ya Subaru.

Burns hakuwa na ukoo wa mbio nyuma yake. Alianza kushika usukani akiwa na miaka 8, shambani, kwenye Triumph kuukuu ya baba yake. Akiwa na miaka 11 alijiunga na klabu ya magari ya watoto walio chini ya miaka 17, na mwaka 1984 klabu hiyo ikamtangaza dereva wake bora. Baadaye akahudhuria shule ya rali huko Wales, akapanda ngazi kidogo kidogo, na mwaka 1993 akawa bingwa wa Uingereza akiwa na miaka 22, naye pia kwenye Subaru Legacy.

Nataka mpwa wangu aliangalie hili kwa makini, kwa sababu ndipo chaguo lake linapoanza kuonekana. Njia ya McRae haiigiki. Huwezi kujichagulia baba. Njia ya Burns ni ya klabu, ya shule, ya mashindano madogo, ya kujulikana polepole. Kijana wa Nakuru, wa Arusha au wa Kampala anaweza kuifuata hatua kwa hatua, ingawa pesa zitamsumbua kila siku.

Mikono juu ya usukani

Ukitazama picha za zamani zilizopigwa kutoka ndani ya gari, tofauti yao utaiona bila kuambiwa na mtu. McRae analitupa gari kwenye kona kabla kona haijafika. Gari linaingia kwa ubavu, mkia umetangulia, mikono yake inazunguka usukani huku na huku, mguu wa kushoto uko kwenye breki wakati wa kulia bado umekanyaga mafuta. Kuna usemi unaohusishwa naye sana: ukiwa na shaka, kanyaga mpaka chini. Watazamaji walimpenda kwa hilo, na walimpa pia jina la utani la McCrash, kwa sababu mara nyingi gari lilirudi kwa mafundi likiwa limebebwa. Mwaka 1992 kule Finland alipindua gari zaidi ya mara moja katika rali moja, na bado akamaliza wa nane.

Kwa Burns mikono haina haraka. Gari limenyooka, linapita kona kama maji yanavyofuata mfereji, na ukiondoa sauti unaweza kudhani anaendesha taratibu. Kisha unatazama saa na kukuta kwamba hakuwa anaendesha taratibu hata kidogo.

Siri ya utulivu huo ilikuwa kwenye daftari. Katika rali dereva na mwelekezi wake hupita barabara siku chache kabla ya mashindano, kwa mwendo mdogo. Dereva anasema anachokiona: kona ya kulia, inabana, kuna jiwe ndani, usikate. Mwelekezi anaandika. Siku ya mbio, wakati gari liko kwenye kilomita 150 kwa saa na vumbi limefunga kioo, yale maandishi ndiyo macho yao. Burns na mwelekezi wake, Mskoti Robert Reid, walisifika kwa maandishi yaliyokamilika kuliko ya wengi, na walikaa pamoja katika ushindi wote 10 wa Burns. Reid huyo baadaye akawa Naibu Rais wa Michezo wa FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, mpaka alipojiuzulu mwaka 2025. Nayasema haya kwa ajili ya vijana wanaomchukua mwelekezi kama abiria wa kuwashikia chupa ya maji.

McRae naye alikuwa na waelekezi wazuri. Derek Ringer ndiye aliyekuwa naye alipotwaa ubingwa wa 1995, na Nicky Grist alikuwa naye katika ushindi wote watatu wa Kenya. Lakini kwa McRae unahisi kwamba macho na kiuno vilikuwa vinajua jambo ambalo daftari halijaandika. Kipaji cha namna hiyo kinavutia sana, na ndicho kigumu zaidi kufundisha.

Kenya ilivyowapima

Sasa tufike kwenye Safari, maana ndiyo mizani ninayoiamini.

Safari ya miaka ile haikuwa kama hii ya Naivasha tunayoiona tangu irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021. Barabara hazikufungwa. Sehemu moja ya mashindano iliweza kupita kilomita 100 bila kusimama, na mbele yako ungeweza kukutana na lori, kundi la mbuzi au mama anayetoka kisimani. Ndiyo maana helikopta iliruka juu ya kila gari la timu kubwa, mtu akiwa ndani yake na redio, akimwambia dereva kuna ng'ombe baada ya kilima. Magari yenyewe yalibadilishwa sura: bomba la kuvutia hewa lilipandishwa kando ya kioo cha mbele mpaka juu ya paa ili injini isimeze maji mtoni, vyuma vizito vilifungwa mbele kuzuia wanyama, shokapu na springi zikaimarishwa. Na bado magari yalikufa. Jiwe moja la Kajiado lilitosha kung'oa gurudumu, na tope la Bonde la Ufa mvua ikinyesha lilimaliza klachi.

Kwingineko rali huamuliwa kwa sekunde. Safari ya zamani iliamuliwa kwa dakika, na mara nyingi aliyeshinda ni yule aliyejua wapi pa kutokwenda kasi.

Sasa fikiria: mahali kama hapo, ungemtarajia nani ashinde mara nyingi zaidi? Kwa jibu lile la haraka, ungemtaja Burns. Naye kweli alishinda mapema. Ushindi wake wa kwanza kabisa wa dunia ulikuja hapa Kenya, mwaka 1998, kwenye Mitsubishi Carisma, baada ya kumaliza wa pili nyuma ya McRae mwaka uliotangulia. Mwaka 2000 akashinda tena, safari hii kwenye Subaru, na mwenzake wa timu Juha Kankkunen akawa wa pili.

Lakini aliyeshinda mara tatu ni yule mvunja magari. Mwaka 1999 McRae alikuwa ametoka Subaru na kuhamia Ford, na gari lake, Focus, lilikuwa jipya kabisa. Safari ilikuwa rali yake ya tatu tu. Kwa kawaida gari changa huja Kenya kufa. Yeye alilifikisha mwisho, akamwacha wa pili kwa zaidi ya dakika 10, na huo ukawa ushindi wa kwanza wa Focus duniani. Kisha nenda ukaangalie mwaka uliobaki: akashinda Ureno mara baada ya hapo, halafu mashindano mengi yaliyofuata hakuyamaliza, mara ajali, mara gari kuharibika.

Hapo ndipo ninapomshika mtu mkono anaponiambia McRae hakuwa na akili. Alikuwa nayo tele. Alipokuja Kenya aliitoa kwa sababu barabara haikumpa nafasi ya kufanya vinginevyo. Aliisoma, akaiheshimu, akapunguza mguu. Alipokuwa kwenye misitu ya Ulaya, ambako sekunde mbili ni tofauti kati ya wa kwanza na wa tano, aliona hakuna haja ya kupunguza. Mwaka 2002 alikuja tena na Focus akashinda, na ule ndio ushindi wake wa 25 na wa mwisho. Wakati huo hakuna dereva mwingine duniani aliyekuwa na ushindi mwingi kama huo. Mwaka ule pia ndio Safari ilipoondolewa kwenye kalenda ya dunia, ikakaa nje karibu miaka 19. Ilibidi tungoje mpaka 2025 kumwona Muingereza mwingine akishinda Kenya, Elfyn Evans wa Wales.

Novemba 2001

Kama una muda wa kusoma rali moja tu ya watu hawa wawili, soma Rali ya Uingereza ya 2001. Madereva wanne walifika Wales wakiwa na nafasi ya ubingwa: McRae pointi 42, Mäkinen 41, Burns 40, na Carlos Sainz wa Uhispania 33. Siku zile mshindi wa rali alipata pointi 10, wa pili 6, wa tatu 4.

Mäkinen alitoka mapema baada ya gari kuvunjika. McRae alikuwa anaongoza, Waingereza wamejipanga misituni kwa maelfu, na ubingwa wa pili uko mikononi mwake. Katika mkondo wa nne, yaani kipande cha nne cha barabara kinachopimwa kwa saa, akakata kona ya kulia zaidi ya kawaida, gurudumu likakuta kitu pembeni, na Focus ikabiringika vibaya mpaka ikabaki kama kopo lililokanyagwa. Yeye na Grist walitoka wazima. Ubingwa ulikuwa umekwenda.

Burns alipopata habari hiyo alibakiwa na kazi ambayo nadhani ni ngumu kuliko kushinda: kufika mwisho akiwa katika nafasi inayotosha, siku mbili nzima, bila kosa. Wafini Marcus Grönholm na Harri Rovanperä walikuwa mbele yake, naye akawaacha waende. Alimaliza wa tatu, akapata pointi 4, akafikisha 44. McRae alibaki na zake 42. Mwaka ule mzima Burns alishinda rali moja tu, ya New Zealand. McRae alishinda tatu mfululizo, Argentina, Cyprus na Ugiriki. Wapo wanaosema ubingwa ule ulimwangukia. Sikubali. Alipata pointi siku ambazo wenzake walirudi na vipande vya bati, na huo ni ustadi kamili, si bahati.

Ili kuwa na haki, usome na upande wa pili: RAC ya 1995, jina la zamani la Rali hiyo hiyo ya Uingereza. McRae na Sainz, wote wa Subaru, walifika wakiwa sawa kwa pointi. Huko nyuma Uhispania timu ilikuwa imeamuru Sainz ashinde, na McRae, aliyekuwa na kasi zaidi, alilazimishwa kumpisha kwa hasira kubwa. Kwenye RAC alipata pancha iliyomgharimu takriban dakika mbili. Dereva mwingine angeanza kupiga hesabu ya nafasi ya pili. Yeye aliendesha kana kwamba barabara ni yake peke yake, akarudisha muda wote ule, na akamshinda Sainz kwa sekunde 36. Alikuwa na miaka 27, bingwa mdogo kuliko wote waliomtangulia, na rekodi hiyo ilikaa mpaka Kalle Rovanperä alipoivunja mwaka 2022. Huyo Kalle ni mtoto wa Harri yule yule.

Burns asingeweza kuendesha RAC ile ya 1995. McRae asingeweza kuivumilia ile ya 2001.

Jinsi walivyoondoka

Hapa sitakaa sana, kwa sababu bado huniuma. Mwaka 2003 Burns, akiwa Peugeot, aliongoza msimamo kwa sehemu kubwa ya msimu bila kushinda hata rali moja, tabia yake ile ile ya kuokota pointi. Mwezi Novemba, akielekea Wales kwa rali ya mwisho bado akiwa na nafasi ya ubingwa, alizimia njiani. Madaktari wakakuta uvimbe wa saratani kwenye ubongo. Alikuwa ameshakubali kurudi Subaru mwaka uliofuata. Alifariki tarehe 25 Novemba 2005, akiwa na miaka 34, miaka minne kamili kwa tarehe tangu atawazwe bingwa.

McRae aliendelea kutafuta mbio popote zilipo: Dakar, saa 24 za Le Mans, na mwaka 2006 huko Los Angeles gari lake liliruka, likapinduka mbele ya uwanja mzima, likasimama kwa magurudumu, naye akaendelea na kushindwa kwa chini ya sekunde moja. Tarehe 15 Septemba 2007 helikopta aliyokuwa akiirusha ilianguka karibu na kwao Lanark. Alikufa pamoja na mwanawe wa miaka 5 na marafiki wawili wa familia. Alikuwa na miaka 39.

Kila mmoja ameacha mchezo wa kompyuta wenye jina lake, na hata hiyo inakusaidia kuchagua. Wa McRae ulitoka mwaka 1998, unachezeka na kila mtu, na ndio uliowaingiza vijana wengi duniani kwenye rali. Wa Burns ulitoka 2004, ni mgumu kiasi kwamba anayeanza hupinduka kona ya kwanza, na wapo wanaoutumia mpaka leo kufanyia mazoezi.

Basi, nani?

Kama wewe ni mtazamaji, umeanza kuipenda Safari juzi pale Naivasha na unataka kujua kwa nini wazee hulia wakiikumbuka, anza na McRae. Anza na 1995, kisha 1999. Hutahitaji kuelezwa chochote, moyo utakuambia.

Kama wewe ni mwelekezi, anza na Reid na Burns, wala usiguse kingine kwa miezi sita.

Na wewe mpwa wangu, mwenye gari moja, ambalo ndilo pia unaendea kazini Jumatatu, anza na Burns. Nasema hivi nikijua kwamba moyoni ni McRae ninayempenda zaidi. Wewe huna lori la mafundi linalokungoja mwisho wa mkondo na giaboksi ya akiba. Ukivunja rimu Jumapili, umevunja kodi ya nyumba. Tazama Safari ya 1998, usitazame gari, tazama mikono, halafu funga macho usikilize namna mwelekezi anavyosoma. Nunua daftari, chukua barabara moja ya vumbi unayoijua, ipite na mwenzako kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mwandike kila kona, kisha mrudi mhakikishe mliloandika ndilo lililopo. Fanyeni hivyo mpaka mchoke.

Ukishaweza kufika mwisho mara tano mfululizo gari likiwa zima, njoo nyumbani siku ya Jumamosi. Tutakaa tutazame Safari ya 1999 pamoja, nikuonyeshe ni wapi McRae alipokuwa akiachia mafuta.